Barua ya wazi: Wapeni watoto wetu vitu vyenyewe, picha waachieni saiba

Kwa Gavana wa Kaunti ya Nairobi, Wizara ya Elimu, na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu kutoka Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali. Kazi yangu ni majiko, makarai na yale masanduku ya bati ambayo wanafunzi wa bweni hubeba kila muhula unapofunguliwa. Nina mtoto gredi ya pili na mdogo wake yuko PP2, mwaka wa pili wa chekechea, wote shule za umma. Nawaandikia kuhusu jambo ambalo kwenye mtaala huenda likawa mistari michache tu: namna watoto wadogo wanavyofundishwa vitu vinavyowazunguka vimetengenezwa kutokana na nini, na kama ni mbao, bati, udongo, plastiki, kioo au kitambaa, kila kimoja kina tabia gani. Kipi kinaelea, kipi kinanyonya maji, kipi kinashika moto, kipi kikianguka kinapasuka.

Muhula uliopita yule wa gredi ya pili alikuja kibandani kwangu jioni akitaka hela ya saiba, lile duka la intaneti na kuchapisha. Wameambiwa walete picha za vitu vya chuma, wazikate na kuzibandika kwenye karatasi ya manila. Alikuwa amesimama juu ya misumari. Nyuma yake rundo la vipande vya bati, pembeni pipa la mafuta lililopasuliwa nusu, naye anataka shilingi ishirini akachapishiwe msumari wa kwenye intaneti. Nikampa, kwa kuwa kazi ilitakiwa kesho yake na alama ni alama.

Simlaumu mwalimu wake. Darasa limejaa, kitabu kina picha, na mkubwa akija kukagua anaomba faili la mtoto. Karatasi inaingia kwenye faili, jiwe haliingii. Kwa hiyo kidogo kidogo somo la vitu limegeuka somo la picha za vitu, na gharama imehamia kwa mzazi. Mwaka 2021 wazazi walilalamika kuhusu gharama za mtaala wa umilisi hadi kesi ikafika Mahakama Kuu. Pesa inauma, sikatai, lakini mimi naona hasara nyingine kubwa kuliko hiyo ya saiba. Mtoto aliyebandika picha ya msumari hajajua kwamba asubuhi una baridi, kwamba konzi moja tu ya misumari inalemea mkono, kwamba ikilala nje kwenye mvua inabadilika rangi na kukuachia unga mwekundu vidoleni. Picha haina uzito. Haina joto wala baridi, haina harufu, na haishiki kutu.

Niruhusuni nianze na ninachokijua. Chukueni jiko la makaa lililo katika nyumba nyingi za Nairobi, lile lenye kiuno chembamba. Nje ni bati, ndani ni udongo uliochomwa. Lilianza kuenea mjini humu mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kulisukuma kando jiko la bati tupu. Wazo la kutia udongo ndani lilitoka kwenye majiko ya Thailand, mafundi wa hapa wakalibadilisha liendane na upishi wetu. Kwa nini vitu viwili? Bati likiwa peke yake linatoa joto kila upande, linamuunguza mpishi miguu, makaa yanaisha mbio na baada ya muda linatoboka. Udongo ukiwa peke yake unatunza joto vizuri, lakini uangushe mara moja tu, umebaki na vigae. Ukiviunganisha, bati linaubeba udongo, nao udongo unalikinga bati na moto. Katikati tunashindilia saruji iliyochanganywa na vemikulaiti, madini mepesi yanayozuia joto kupenya ovyo.

Mtoto wa miaka mitano analielewa hilo. Wangu wa PP2 nilimpa kigae cha jiko bovu mkono mmoja na kipande cha bati mkono wa pili, vyote vimetoka juani, nikamuuliza kipi kinaunguza. Bati alilitupa kabla sijamaliza swali. Kisha akaenda mwenyewe kuliokota, akalijaribu tena, akahamia kwenye ubao, akahamia kwenye tairi kuukuu, akawa anazunguka kibanda kizima akigusa kila kitu na kunitangazia matokeo. Hakuna aliyemtuma. Wateja walicheka, nami kazi ikanilalia.

Chukueni bati lenyewe tena. Kwenye hadwea tunanunua kwa geji, yaani namba ya unene wake, na hapa mtoto anakutana na kichekesho: namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Geji 32 mtoto anaipinda kwa vidole, geji 28 inamshinda. Mpeni vipande viwili, kingo zake zimekunjwa na kupigwa tupa zisimkate, mwacheni apinde. Kisha mwambieni akunje ile nyembamba mara moja katikati, halafu ajaribu kuipinda tena pale pale kwenye mkunjo. Imekuwa ngumu. Bati ni lile lile, umbo ndilo limebadilika. Sasa mwambieni atazame paa la darasa lake, aseme kwa nini mabati yana mikunjo. Hilo ni swali la gredi ya kwanza, na kuna watu wazima wengi ninaowauzia bidhaa ambao hawajawahi kulijiuliza.

Au asubuhi ya Julai, Nairobi inapokuwa na baridi ile tunayoijua. Kijiko cha chuma, mwiko wa mbao na kitambaa vimelala usiku kucha juu ya meza moja. Waulizeni watoto kipi ni baridi zaidi. Wote watasema kijiko, na mkono wao hauwadanganyi kuhusu wanachohisi. Lakini vyote vimelala chumba kimoja, vina joto sawa. Tofauti ni kwamba chuma kinanyang'anya mkono joto lake kwa haraka, mbao haina pupa hiyo. Mtoto wa Mukuru au Mathare akishalishika hilo, ameshaanza kuelewa kwa nini nyumba yao ya mabati haikaliki mchana wa Februari na usiku wa Julai inawakunjisha magoti, wakati jirani aliyejenga kwa mawe analala salama.

Sumaku ni nyepesi kupata. Kila spika ya redio iliyokufa ina yake. Wekeni sumaku moja darasani na mtaona watoto wanavyogombea zamu. Itavuta msumari, itavuta kopo la maziwa ya unga, lakini sufuria ya alumini itaikataa na waya wa shaba utaikataa. Watoto wengi, na wazazi wao pia, wanaamini kila kinachong'aa kinavutwa na sumaku. Wanunuzi wa vyuma vikuukuu huku kwetu hawadanganyiki hivyo. Sumaku ndiyo inayowapangia bei.

Ndoo ya maji nayo. Kila kitabu kinasema mbao huelea na jiwe huzama, na mtoto anajaza nafasi anapata vema. Tafuteni lile jiwe la vitundu ambalo mama zetu husugulia visigino. Ni jiwe la volkano, la aina inayopatikana kwa wingi upande wa Longonot. Litieni kwenye ndoo: linaelea. Tafuteni kipande cha mpingo, hata kama ni kinyago kilichovunjika pua. Kinazama. Sasa darasa lina kelele, na kelele hiyo ni ya watoto wanaobishana juu ya jambo la maana. Mwalimu akiuliza "kwa nini unadhani hivyo?" atapata majibu ya ajabu, mengine ya uongo kabisa, na hapo ndipo kazi yake inapoanzia.

Nikija kwenye udongo, naombeni subira kidogo, maana hapa ndipo hasira yangu ilipo. Kwenye orodha ya mahitaji ya mwaka huu tumeandikiwa plastisini ya kufinyangia. Shule imejengwa juu ya udongo. Jiji hili lina udongo wa aina mbili unaojulikana hata na mtoto anayetembea kwenda shuleni: mwekundu wa upande wa Dagoretti na Karura, na mweusi wa Embakasi na South B, ule wa "black cotton" unaoganda kwenye viatu hadi unatembea na kilo za ziada. Mweusi ukinyeshewa unavimba, ukikauka unajikunyata na kupasuka nyufa za kupitisha kidole. Ndiyo maana mjenzi wa Embakasi anachimba hadi aufikie mwamba, la sivyo ukuta utampasukia. Mwambieni mtoto afinyange mpira mmoja wa mweusi na mmoja wa mwekundu, aviweke dirishani vikauke. Baada ya siku chache ataona mweusi umetatuka nyufa zaidi kuliko mwenzake. Hakuna plastisini itakayomfundisha hilo, kwa sababu plastisini imetengenezwa isikauke.

Sasa niseme la uzito, ambalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu badala ya kunung'unika tu na wazazi wenzangu. Katika mji huu, kutojua tabia ya vitu kunaua watoto. Kwenye mitaa ya mabati kuna umeme wa sambaza, ule wa kuunganishwa kienyeji bila kibali, nyaya zimepita juu ya paa na kati ya kuta. Ganda la plastiki la waya likichubuka na waya ukagusa bati, nyumba nzima inakuwa na umeme. Mvua ikinyesha, uani kukawa na maji, mtoto akarudi kutoka msalani pekupeku akaushika ukuta, basi. Mtoto wa PP2 anaweza kufundishwa kwamba chuma kinapitisha umeme, kwamba maji machafu na mwili wake pia vinapitisha, na kwamba plastiki ya waya imewekwa kwa sababu hiyo. Hahitaji kujua umeme ni nini. Anahitaji kujua asiguse, amwite mkubwa.

Moto vivyo hivyo. Sweta na sare nyingi za shule siku hizi ni akriliki na poliesta. Poliesta ikishika moto inayeyuka na kung'ang'ania ngozi; sufi ya kondoo ni mvivu kushika moto. Wauza vitambaa wa Gikomba wanalijua hili kitambo, wakitaka kuthibitisha kitambaa wanachomoa uzi na kuuchoma: ukinuka nywele ni sufi, ukinuka karatasi ni pamba, ukibaki donge gumu ni wa kiwandani. Hilo la kuchoma lifanywe na mwalimu, watoto wakitazama kwa mbali. Na tukiwa hapo, waambiwe pia kwa nini tusiwashe jiko kwa karatasi ya nailoni, jambo tunalolifanya karibu kila jioni mbele yao, na kwa nini betri kuukuu ya gari si ya kuchezea: ndani kuna madini ya risasi, ile sumu inayoharibu ubongo wa mtoto, na kuna asidi.

Na taka. Watoto walio gredi ya pili leo hawajaikuta ile mifuko myepesi ya plastiki madukani, kwa sababu ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017. Wanaambiwa tu ilikuwa mibaya. Wazikeni kwenye shamba la shule ganda la ndizi, kipande cha gazeti na kipande cha plastiki mwanzo wa muhula, wafukue mwisho wa muhula, watajionea wenyewe ni nini kinachoenda kukaa Dandora. Jaa lile lilitangazwa kuwa limejaa tangu 2001, na malori bado yanaingia.

Ninachoomba hakihitaji bajeti ya kutisha. Najua mgao wa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka, na najua haufiki mzima kila mara. Najua pia kuna mvutano wa nani anahusika na nini. Katiba ya 2010 iliipa kaunti masomo ya chekechea na kuiachia serikali kuu gredi ya kwanza kwenda juu, kwa hiyo mtoto wangu wa PP2 mwakani atavuka kutoka serikali moja hadi nyingine, pengine bila kuvuka lango la shule. Naomba kila darasa liwe na sanduku la vitu vya kushika na kujaribu, na lile atakaloliacha darasa moja linafaa alikute darasa linalofuata. Kaeni pamoja mlipange hilo.

KICD, nyinyi ndio mnaoandika miongozo ya walimu. Andikeni waziwazi kwamba katika miaka ya mwanzo somo la vitu linaanza na kitu mkononi, na kwamba tathmini yake ni mtoto kukisia, kujaribu na kusema alichokiona, kwa Kiswahili au lugha yoyote anayoisema vizuri. Mwalimu akiandika "alitabiri jiwe litazama, akashangaa, akataka kujaribu jingine", hiyo iwe inatosha kwenye faili. Wizara nayo itoe agizo moja dogo: mtoto wa gredi ya tatu kushuka chini asitumwe kuchapisha picha ya kitu kinachopatikana nyumbani au uani kwao. Na tafadhali msiniambie kuna tableti. Zile zilizoletwa shuleni kuanzia 2016 zina kazi yake pale zinapofanya kazi, lakini kioo cha tableti kina ulaini ule ule, umeonyesha pamba au umeonyesha kokoto.

Mheshimiwa Gavana, mpango wa chakula cha shuleni, Dishi na County, ulipoanza 2023 na mzazi akalipa shilingi 5 kwa sahani, wengi tulidhani ni maneno ya siasa. Chakula kikafika. Ndiyo maana nathubutu kuomba hili: kila darasa la PP1 na PP2 la kaunti liwe na sanduku la vitu, na shule ziruhusiwe kuwaalika wazazi wenye ujuzi. Mmefikiria ni maarifa kiasi gani yamesimama nje ya lango saa za kuchukua watoto? Mama anayefua nguo za watu Eastleigh anajua kitambaa kipi kinakunywa maji na kipi kinayamwaga. Baba wa mjengo anajua jiwe la Ndarugo ukilikatakata linakuwaje na kokoto inakuwaje. Fundi cherehani, seremala, muuza sufuria. Hatuna vyeti vya ualimu na hatutaki kuchukua kazi ya mwalimu. Tunataka nusu saa, yeye akiwa pale pale akiongoza.

Mtasema madarasa yamejaa, watoto wakipewa vitu kutakuwa na fujo. Ni kweli. Mwalimu mmoja na watoto hamsini na kitu hawezi kusimamia ndoo kumi za maji. Lakini anaweza kusimamia ndoo moja, kundi moja likijaribu na mengine yakipiga kura nini kitatokea, kisha wabadilishane. Walimu wenyewe waonyeshwe hivyo kwa vitendo kwenye mafunzo yao. Wakikalishwa ukumbini watazamishwe slaidi, watarudi wakawatazamishe watoto slaidi.

Kuhusu sanduku lenyewe, nawasihi msilitangazie zabuni. Likitangazwa zabuni litafika limeagizwa ng'ambo, na mawe ya plastiki ndani yake. Vipande vya bati, mbao, vigae na nyaya viko hapa, tunavifagia kila jioni, na mafundi niliozungumza nao wako radhi kuvitoa bure, vimekunjwa kingo na kusuguliwa. Tunachokosa ni barua kutoka kwenu ya kuturuhusu kuingia shuleni, na gari la kaunti la kubebea. Mtumeni mtu mwenye uwezo wa kuamua, aje aone kabla ya saa nne asubuhi. Akichelewa zaidi ya hapo nyundo zote zitakuwa kazini, na hatutasikizana.

Wenu,
Mzazi na fundi wa majiko,
Kamukunji, Nairobi